Kalabrondo, Mti wa Mwene Tembo

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo hata mimi na mvi zangu nilizikuta zimeshapita, wanyama walikuwa na nyumba zao. Nyumba kabisa, jamani! Za udongo na nyasi, zenye vyungu, mikeka, majirani wambeya na ugomvi wa kisimani. Wewe wa nyuma huko, acha kumfinya mwenzako. Nimekuona. Haya, tuendelee.

Kijiji chao kiliitwa Namangwele. Kilikuwa kusini sana, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako udongo ni mwekundu na kiangazi hakimwonei mtu huruma. Na uzuri wa Namangwele, wanangu, ulikuwa miti yake.

Kila kaya ilikuwa na mti wake uani, na nyumba ilijulikana kwa mti kabla ya kujulikana kwa mwenyewe. Ukiuliza kwa Kanga ni wapi, unaambiwa, "Pita mkuyu wa Nyani, pita mkwaju wa Pimbi, ukiona mtonga wenye matunda ya duara yananing'inia kama vibuyu, piga hodi." Kwa Swala kulikuwa na mninga. Ulipochanua, kabla hata mvua haijanyesha, uwanja wote uligeuka manjano na nyuki wakavuma vuuu, vuuu, kutwa nzima. Ah! Bibi yangu alivyokuwa akiusimulia mninga ule, mimi mpaka leo nasikia harufu yake, na wala sikuuona.

Tena mti haukuwa wa kivuli tu. Mtoto akizaliwa, watu walisubiri kitovu kikauke na kudondoka. Kikishadondoka, mkunga alikifunga kwenye jani na kukizika chini ya mti wa ukoo. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Namangwele kwao ni wapi, hakukuonyesha nyumba. Alikuonyesha mti.

Basi hapo kijijini aliishi Kindi. Mdogo, mwepesi, mkia mkubwa kuliko mwili, na mdomo mkubwa kuliko mkia. Mti wake ulikuwa mng'ongo, mnene, wenye ganda la kijivu linalobanduka mabaka mabaka. Msimu wa matunda ulipofika, ng'ongo za manjano zilianguka zenyewe, pu! pu! pu! juu ya paa, juu ya chungu, juu ya kichwa cha mgeni. Mama yake Kindi alikuwa akizikusanya kwenye ungo, akicheka peke yake, mikono inanata utomvu mtamu. Mama alishakufa siku nyingi. Lakini kila ng'ongo ya kwanza ilipoanguka, pu! Kindi aligeuka haraka, akidhani atamwona ameinama na ungo wake.

Kitovu cha mama kilikuwa chini ya mti ule. Cha Kindi pia. Na mwaka ninaousimulia, Kindi alikuwa mjamzito, tumbo hilo, anahema kupanda hata kizingiti.

Mkuu wa kijiji alikuwa Mwene Tembo. Mwene huyu hakuwa mbaya, msije mkamchukia bure. Alikuwa mkubwa tu, na wakubwa wana ugonjwa wao. Siku moja akafunga safari kwenda kumtembelea mkuu mwenzake wa mbali. Aliporudi, loo! Hakuwa yule tena. Alirudi na foleni ya Nyati wamebeba miche kwenye mikebe, iliyonyooka kama askari wa gwaride, na akaitisha baraza.

"Nimeona bustani!" akasema, mkonga juu. "Nimeona bustani yenye miti ya ughaibuni, imekatwa mviringo, haidondoshi jani, haidondoshi tunda, haina nyuki wala fujo. Halafu narudi hapa nakuta nini? Mkunazi wenye miiba! Mtonga! Mng'ongo! Nimeona aibu. Wageni wakija watatuonaje?"

"Watatuona tumekaa kivulini," Kindi akanong'ona. Wachache wakacheka, kwi kwi kwi.

"Nani huyo?" Kiboko akafoka. Kiboko alikuwa msimamizi wa kazi zote za Mwene, mwenye sauti kubwa na subira ndogo. "Nyamazeni! Mwene anaongea!"

"Kila kaya itakata mti wake wa kishamba," Mwene akaendelea, "na kupanda mche wa ughaibuni. Kati ya kijiji tutaweka bustani yangu kubwa. Na msije mkasema nawaonea. Nitaanza na wangu."

Kweli, alianza na wake. Kwenye ganjo la mama yake, ambako nyumba ilishaanguka zamani na kubaki kichuguu cha udongo, ulikuwa umesimama mng'ongo wa ukoo wake. Watu wote walikwenda kutazama. Mwene akashika shoka mwenyewe. Ko! Ko! Ko! Kraaa... puuu! Vumbi likapanda mpaka juu.

Watu wakapiga makofi kwa sababu Kiboko alikuwa anawatazama. Lakini Kindi, ambaye macho yake hayakai mahali pamoja, aliona jambo. Aliona Mwene amegeuza uso mti ulipoanguka, anajifuta jicho kwa ncha ya sikio, anasema, "Vumbi hili! Vumbi limeniingia."

Kindi akakaa kimya. Na Kindi akikaa kimya, jueni kuna jambo linapikwa.

Adhuhuri jua lilipowaka, wakubwa wote wakajitupa chini kulala. Khoroo! Khoroo! Kindi akawaita shangazi zake na binamu zake, ukoo mzima wa kindi.

"Matawi yale," akawaambia, "yaliyonyooka, unene wa mguu wa Nyani. Yabebeni upesi kabla hayajatiwa moto."

"Ya nini, mwanangu?" shangazi mmoja akauliza. "Umeanza kuuza kuni na tumbo hilo?"

"Shangazi, beba kwanza, maswali baadaye."

Wakayaburuta, kharara, kharara, mpaka kwenye korongo lenye mchanga wa baridi, wakayalaza kivulini ili palipokatwa pakauke vizuri. Maana mama yake Kindi alikuwa akimwambia, akichomeka vigingi vya uzio wake, "Tawi la mng'ongo ukilichomeka kiangazi kinapoishia, halijui kama limekatwa. Linadhani liko bado juu ya mti, linaendelea na kazi yake." Kindi alikuwa mtoto wakati huo. Alicheka sana kulifikiria tawi lisilojua habari zake. Sasa hakucheka.

Siku zikaenda, na miti ya Namangwele ikaenda pia. Mninga wa Swala ukaanguka. Mkuyu wa Nyani ukaanguka, na Nyani akaketi juu ya kisiki asubuhi mpaka jioni. Mtonga wa Kanga ulipokatwa, Kanga mwenyewe akapotea. Alitoka kisimani na mtungi kichwani akaingia nyumbani kwa Pimbi, akaanza kuwasha moto.

"Kanga, dada yangu, hapa si kwako," Pimbi akasema.

"Si kwangu? Kwangu ni wapi basi?" Kanga akageuka huku na huku. Kila upande nyumba zilikuwa sawa, na mbele ya kila nyumba mche mmoja kwenye shimo, mwembamba kama ufagio. Kanga akatua mtungi na kulia. Pimbi akamkaribisha uji.

Ilipofika zamu ya Kindi, Kiboko alikuja na Nyati wawili wenye mashoka. Dum, dum, dum, ardhi ilitikisika mpaka vyungu vikagongana.

"Hodi! Kindi! Leo ni wewe!"

Kindi akatoka ameshika kiuno, anatabasamu.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi. Karibu. Mbona mmechelewa? Mti huu umenichosha! Kila siku nafagia majani, mgongo unaniuma. Ukateni!"

Kiboko akashangaa. Alikuwa amejiandaa kwa vilio.

"Ila," Kindi akaendelea, "nawaza tu mimi mjinga. Hapa kwangu ndipo lango la bustani ya Mwene litakapokuwa, sivyo? Na siku ya sherehe ya kuifungua wageni watapita hapa. Si ingependeza Mwene mwenyewe aukate siku hiyo, mbele yao, wakaziona nguvu zake? Mti mnene kama huu? Lakini kama wewe unataka kumnyang'anya Mwene sifa hiyo, haya, kata."

Kiboko akafumba mdomo, akafumbua. "Nimnyang'anye Mwene sifa? Mimi?"

"Sijasema neno, Bwana."

"Shusheni mashoka!" Kiboko akawafokea Nyati. "Mti huu ni wa Mwene, siku ya sherehe. Mmesikia?"

Wakaondoka. Kindi akauegemea mti wake. "Mama," akasema, "nimekununulia muda tu. Hilo jingine sijui kama litawezekana." Alikuwa anaogopa, wanangu. Mwongo naye huogopa, msidanganywe.

Sasa bustani ya Mwene nayo ilikuwa na balaa lake. Miche ile ya ughaibuni ilikunywa maji jamani! Kijiji kizima kilichota maji toka alfajiri, ikanywa, ikaomba tena. Kisima kikaanza kutoa tope. Bwawa la Kiboko likapungua mpaka mgongo ukawa nje, umepasuka kwa jua, lakini hakuthubutu kulalamika. Na Ngiri wakaja kutoka porini wakakuta mizizi laini. Kucha kutwa chimba, tafuna, chimba, tafuna.

"Nataka uzio!" Mwene akapiga kelele. "Kiboko! Nguzo ziko wapi?"

"Mwene, tulizoweka zililiwa na mchwa."

"Weka nyingine!"

"Zitaliwa nazo, Mwene."

Hapo ndipo Kindi alipotokea. Nyuma yake ukoo wake wote, na mabegani mwao nguzo. Lakini nguzo gani! Zimepakwa chokaa nyeupe pe, zimefungwa vitambaa vyekundu kwenye ncha, na zimesiribwa tope zito lenye harufu ya kukata pua. Maana Kindi aliujua mkonga wa Tembo. Mkonga ule ungenusa mng'ongo hata ukiwa chini ya mlima.

"Shikamoo, Mwene."

"Marahaba. Nini hizo?"

"Mwene, nisamehe, mimi nimechelewa kukuletea. Binamu yangu anayeishi ughaibuni amenitumia zawadi. Nikasema, mimi ni nani wa kuwa na kitu kama hiki? Hiki ni cha Mwene." Akashusha sauti. "Ni Kalabrondo."

"Kala nini?"

"Kalabrondo!"

"Kalabrondo," Mwene akarudia taratibu. Neno likamjaa mdomoni. "Kalabrondo! Nilisikia kule. Ndiyo, ndiyo, nilisikia." Hakuwa amesikia popote. "Ehe, inafanya nini?"

"Ni nguzo, Mwene, lakini ukiichomeka inakuwa mti. Uzio unaoota! Mchwa hawauli. Na haitaki maji ya kumwagiwa. Ukiimwagia inakasirika."

Mwene akanyoosha mkonga, akanusa tope. Akafumba macho. "Aaah! Hii ndiyo harufu ya ughaibuni. Hamuijui nyinyi."

Kiboko akasogea naye akanusa. Akanusa tena. "Mwene," akasema, "mbona harufu hii naifahamu? Mbona kama ya kwangu bwawani?"

Ukoo wa kindi ukaacha kupumua. Na lilikuwa tope lake kweli, alilichota Kindi mwenyewe asubuhi ile.

"Bwana Msimamizi!" Kindi akaruka, macho yamemtoka kwa furaha. "Kumbe! Ndiyo maana! Mimi siku zote nasema, huyu Bwana Kiboko hafanani na sisi wengine. Mwendo wake, sauti yake... Kumbe nawe una asili ya ughaibuni!"

Kiboko akatafakari. Akavuta tumbo ndani. "Babu yangu," akasema, "alikuwa na mambo yake, kweli."

"Haya, zichomekwe!" Mwene akaamuru.

"Ngoja, Mwene. Kuna mwiko mmoja," Kindi akasema. "Kalabrondo ina wivu wa ukoo. Ikijua ndugu zake wanateswa mahali, haioti, inakufa kwa huzuni. Kule ughaibuni mkuu akiipanda anaapa kwanza. Anasema, mti huu, na mama yake, na ndugu zake wote, popote walipo katika nchi yangu, hawataguswa na shoka."

Kiboko akacheka, hohoho! "Ndugu zake wapo huko mbali, sisi tunawakata vipi?"

"Ndiyo maana nasema ni kiapo chepesi," Kindi akajibu. "Lakini kama Mwene anaona kizito..."

"Kizito? Mimi naona kizito?" Mwene akasimama.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika Namangwele kulikuwa na kiapo kimoja tu. Tembo akishasema neno, akachota vumbi la ardhi kwa mkonga na kujimwagia mgongoni, neno hilo limekuwa la ardhi. Halirudi. Mababu zake wote waliapa hivyo, na hakuna aliyewahi kujipangusa.

Mwene akasema maneno yale mbele ya kijiji. Kisha akachota vumbi, fuuuu! Mgongo wote ukawa mwekundu. Kindi akainama chini kwa heshima, na pia ili wasimwone uso.

Nguzo zikachomekwa kuizunguka bustani. Waliochimba mashimo ni Kiboko na Nyati, wakitoka jasho, na Kindi ameketi kwenye kigoda kwa ajili ya tumbo lake, anawaonyesha kwa mkia. "Hapo. Kina zaidi kidogo, Bwana. Ahsante."

Kisha akangoja. Kungoja ndiko kulikomtesa.

Nguzo zilisimama tu, nyeupe, zimekufa. Joto likapanda. Mawingu yakaja mchana, yakanguruma, yakaondoka. Miche ya mikebe ikaanza kujikunja majani hata ikinyweshwa. Kindi akaenda kila asubuhi kutazama nguzo zake, anazigusa, anatafuta hata kijinundu cha kijani. Hakuna. Wiki ya sherehe ikafika, na katika wiki hiyo akajifungua mtoto wa kike, mdogo kama ng'ongo.

Bi. Kobe ndiye aliyekuwa mkunga. Ndiye aliyemzalisha mama yake Kindi, akampokea na Mwene mwenyewe zamani akiwa kibonge cha kilio. Asubuhi ya sherehe Bi. Kobe akamwogesha mtoto, akasema, "Kitovu kimedondoka. Lete jani."

Kindi akaanza kulia. "Jani la nini, bibi? Leo mti unakatwa. Nikizike wapi kitovu cha mwanangu? Kwenye mkebe?"

"Mimi na uzee huu sijawahi kukizika kwenye mkebe," Bi. Kobe akasema, "na sianzi leo. Simama. Wageni wanakuja."

Kweli, walikuwa wanakuja. Ngoma, vigelegele, wakuu wa mbali na wake zao. Mwene amejipamba shanga mpaka kwenye pembe, ameshika shoka lililonolewa. Akasimama mbele ya mng'ongo wa Kindi.

"Wageni wangu! Mti huu ndio wa mwisho wa kishamba katika Namangwele. Tazameni!"

Akainua shoka. Kindi akatoka nyumbani mbio, mtoto kifuani, akajipenyeza kati ya miguu ya wakubwa.

"Mwene! Kabla hujakata, waonyeshe kwanza Kalabrondo yako!"

Alisema hivyo kwa kukata tamaa tu. Jana hakukuwa na kitu. Lakini usiku ule, wanangu, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mlimani, hapo kijijini umefika upepo wake tu wa unyevu. Na umefika kweli.

Mgeni mmoja akageuka. "Oh!" akasema. "Uzio unaoota!"

Wote wakageuka. Nguzo ya kwanza ilikuwa imepasua chokaa, na katika ufa kulikuwa na kichipukizi, chekundu kwa kijani, kinang'aa. Ya pili vilevile. Ya tatu tayari ilikuwa na vijani vidogo vimejipanga pande mbili kama unyoya. Na ndani ya uzio miche ya ughaibuni ilikuwa imekauka yote, imesimama kama vijiti vya kuchokolea meno.

Kelele! Makofi! Wakuu wa mbali wakazunguka nguzo wanazipapasa. "Mwene, umeupata wapi mti huu? Hatuna kwetu! Tupe mbegu!"

Mwene akavimba kwa furaha. "Kalabrondo!" akasema. "Kalabrondo yangu!" Akaweka shoka chini, akanyoosha mkonga akachuma kijani kimoja, akakitia mdomoni ili wageni waone jinsi anavyoujua mti wake.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Masikio yake yaliyokuwa yakipepea yakatulia. Macho yakaenda mbali, mbali sana, ng'ambo ya wageni na ngoma. Alikuwa mdogo tena, amesimama chini ya tumbo la mama yake. Mama anautikisa mti kwa kichwa, taratibu, pu! pu! pu! na yeye anakimbilia kila tunda akijikwaa kwa mkonga wake mwenyewe ambao bado hajaujua kuutumia. Mama anacheka. Mama anamwambia, pole pole mwanangu, zote ni zako.

"Mama," Mwene akasema.

Ngoma zikanyamaza.

"Huu ni mng'ongo," akasema tena, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Kisha akashtuka, akatazama wageni, akatazama chini. "Kindi! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, Mwene," Kindi akasema. Alikuwa amembana mtoto kifuani. "Nimekudanganya mbele ya watu wote. Lakini vumbi la kiapo liko mgongoni mwako, na mti wangu huu ni ndugu yake."

Kiboko akanguruma, "Mwene, waite Nyati! Nitamkanyaga mimi mwenyewe!"

"Nyamaza, Kiboko." Mwene akasogeza kichwa karibu na Kindi, pumzi yake ikimpeperusha manyoya. "Nguzo hizi ulizikata kwenye mti gani?"

"Sikukata, Mwene. Ulikata wewe. Ni mti wa mama yako. Nilikuona ukijifuta jicho, nikasema, huyu naye atautafuta siku moja. Nikaokoa nilichoweza."

Mwene Tembo akaketi chini, puuu, hapo hapo mbele ya wageni, na shanga zake zote. Akalia. Hakusema vumbi safari hii. Nyani naye akalia kwa ajili ya mkuyu wake, na Kanga kwa ajili ya mtonga, na hata Kiboko akapangusa pua akisema ni mafua.

Mwene alipopata sauti, akamgeukia mkunga. "Bi. Kobe. Kile kitovu changu. Bado kipo kule?"

"Kingekwenda wapi?" Bi. Kobe akasema. "Kipo pale pale nilipokizika."

"Na mimi nimebakiza kisiki juu yake."

"Hapana, Mwene," Kindi akasema polepole. "Nguzo moja sikuileta huku. Niliichomeka kule kwa mama yako, kando ya kisiki. Hiyo sikuipaka chokaa."

Mwene akanyanyuka. Hakuaga wageni. Akaenda zake ganjoni, mkubwa yule, anatembea upesi kama mtoto aliyeitwa, na waliomfuata kwa mbali wanasema walimkuta amesimama, mkonga wake umekigusa kichipukizi kidogo tu, wala hakukichuma.

Naye Bi. Kobe akachukua jembe lake la mkono, akachimba shimo dogo chini ya mng'ongo wa Kindi, akakitia kile kitovu ndani ya jani lake. Kindi akafukia kwa mkia. Mtoto akapiga chafya, na kila mtu akamwombea heri.

Mwaka uliofuata vigingi vya mng'ongo viligawiwa kila kaya, na visiki vikaachwa vichipue, na Kanga akaijua tena njia ya kwake. Mimi hadithi nimeifukia hapo. Anayetaka iote, aitunze. Na fundisho langu ni hili moja: usikionee haya kilichokulea, maana siku utakayokitamani huenda umeshakitia shoka, na si kila kijiji kina Kindi.